Malisho ya kijiji yana mwenyewe

Ng'ombe wengi wanaofikishwa machinjioni Kizota, hapa jijini Dodoma, wamekulia kwenye malisho ya kijiji. Ndugu mfugaji, usikubali kuambiwa kwamba eneo hilo ni pori lisilo na mwenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitambua ardhi ya jumuiya, na halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Ukiona shamba limekatwa katikati ya malisho, omba muhtasari wa mkutano uliopitisha ugawaji huo. Kama haupo, sheria imevunjwa. (Anayefuga ndani ya Kizota yenyewe yuko mjini, hivyo anafuata Sheria ya Ardhi na sheria ndogo za jiji.)

Hata hivyo, malisho ambayo hayajaandikwa popote humegwa kidogo kidogo hadi yakaisha. Daini mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji unaoonyesha mipaka ya malisho, njia za mifugo na mahali pa kunyweshea. Wagogo wana milaga, maeneo ya nyasi yanayopumzishwa ili mifugo ipate chakula kiangazi. Huo ni uhifadhi kamili, tena wa wenyeji wenyewe. Uingizeni kwenye sheria ndogo za kijiji, ili anayeingiza mifugo kabla ya wakati awajibishwe, awe mgeni au mwenyeji.

Mvua haifuati mipaka ya vijiji. Jirani zetu wa Kiteto walilielewa hilo: Lerug, Ngapapa na Orkitikiti waliunganisha malisho yao, yakaitwa OLENGAPA, zaidi ya hekta 20,000, na wafugaji wakapata hati za hakimiliki ya kimila kwa kikundi.

Kulisha ndani ya pori la akiba kumekatazwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Usijaribu. Lakini ardhi ya kijiji ikitakiwa kugeuzwa hifadhi, wanakijiji lazima wasikilizwe kwenye mkutano mkuu, na fidia ikubaliwe kabla ya ardhi kuhamishwa.

Mgogoro ukizuka, anzia baraza la ardhi la kijiji. Lina wajumbe saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Usiporidhika, nenda baraza la kata; nalo likishindwa kusuluhisha, mlango wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya uko wazi.

Mkutano mkuu ujao wa kijiji chako ukiitishwa, nenda na mkeo, na muombe malisho yawe ajenda.