Mboga ya Uani: Somo katika Maji Yake, Upishi Wake na Haki ya Jirani

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeiteremsha mvua ikaotesha katika ardhi kila namna ya mmea. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu yetu msomaji, somo hili ni katika jambo ambalo wengi wetu hulihisabu kuwa dogo, nalo ni mboga ya majani ioteshwayo uani ikapikwa nyumbani. Tumewakusudia khasa ndugu zetu wakaao pembezoni mwa mji wa Dar es Salaam: Mbagala, Chamazi na Yombo upande wa Temeke, na Mwananyamala, Kawe mpaka Bunju upande wa Kinondoni. Huko nyumba nyingi zingali na kipande cha uwa nyuma ya jiko, na asiye na uwa ana nafasi ya kuweka viroba viwili vitatu vya udongo. Tutalieleza jambo hili kwa fasili nne, kisha maswali na majibu yake, ili lipate kukaa moyoni.

FASILI YA KWANZA: Mboga ni amana ya mwenye nyumba

Huenda mtu akasema, "Haya ni mambo ya jikoni, wayasome wake zetu." Twamjibu: Sivyo. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo wayafuatayo wengi wa watu wa pwani hii, chakula cha mke ni juu ya mumewe. Wala si nafaka peke yake, bali na kitoweo chake pia, kwa kadiri ya desturi ya mji. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijria, ameyaeleza hayo katika kitabu chake Minhaj, na wanavyuoni wakabainisha kuwa kitoweo hubadilika kwa kubadilika misimu. Basi mtu aachaye fedha ya unga asubuhi, wala asiulize unga huo utaliwa kwa nini, hajatimiza yaliyo juu yake.

Tena Bibi Aisha, radhi za Mungu zimfikie, alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa katika kazi za watu wa nyumba yake, na ukifika wakati wa sala hutoka akaenda kusali. Na Anas bin Malik amepokea kwamba alikwenda pamoja na Mtume kwenye chakula alichoalikwa na mshoni mmoja; akamwona akizifuata vipande vya boga pembezoni mwa chombo, na tangu siku ile Anas akalipenda boga. Basi boga litambaalo juu ya ua wa makuti si chakula cha kudharauliwa, wala jembe la uani halimshushi mtu cheo.

Wala kulima ndani ya mji si jambo geni kwetu. Mwaka 1974, nchi ilipopatwa na upungufu wa chakula, Serikali ilitangaza Kilimo cha Kufa na Kupona, na watu wa mijini nao wakahimizwa kushika majembe. Na katika miaka ya 1980, mishahara ilipokuwa haifiki mwisho wa mwezi, makarani na mafundi wengi wa mji huu walitegemea matuta ya mchicha na kuku wa uani.

FASILI YA PILI: Katika maji ya kumwagilia

Jua, ewe ndugu, ya kuwa Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara amewaamrisha watu wale vilivyomo ardhini vilivyo halali na vilivyo vyema. Amezitaja sifa mbili, wala moja haitoshi pasina ya pili. Mchicha ni halali kwa asili yake. Hapana aliye na shaka. Bali je, ni mwema? Hilo halijulikani kwa kuutazama ubichi wa majani yake. Hujulikana kwa kuuliza, "Umenywa maji gani?"

Mto Msimbazi huteremka kutoka milima ya Pugu, ukapita katikati ya mji, ukamwagika baharini karibu na daraja la Selander. Njiani hupokea maji ya mitaro, ya vyoo na ya viwanda. Na kandokando yake, kama ilivyo kandokando ya mto Sinza, kwa miaka mingi watu wamelima mboga na kuziuza masokoni. Mwaka 1999 wataalamu wawili, Bahemuka na Mubofu, walichapisha khabari ya mboga walizozipima zilizolimwa kando ya mito hiyo miwili; wakaonyesha kuwa ndani yake mna madini mazito, miongoni mwayo risasi.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulichanganya, nalo ndilo kiini cha somo hili. Najisi na sumu si kitu kimoja. Mmea uliomwagiliwa maji ya najisi, wanavyuoni wa Shafi wamesema si najisi wenyewe. Bali najisi ikiugusa kwa nje, huoshwa ukatahirika. Basi mtu huosha, akasema, "Nimemaliza." Naam, tohara amemaliza. Lakini risasi iliyopandishwa na mizizi haiko juu ya jani. Imo ndani ya jani. Haiondolewi kwa maji, wala kwa moto, wala kwa kusoma Bismillahi. Nayo risasi huwadhuru watoto zaidi, hudhoofisha akili zao pole pole pasina homa wala dalili ya kuonekana upesi. Basi najisi hutibiwa kwa kuosha, na sumu hutibiwa kwa kutoipanda. Mwenye kulima uani ndiye awezaye hilo la pili, kwa sababu maji na udongo ameviona kwa macho yake. Hii ndiyo fadhila kubwa ya mboga ya uani kuliko ya kununua isiyojulikana ilikotoka.

Basi angalia haya. Usimwagilie maji ya mtaro. Kisima chako kiwe mbali na shimo la choo, walau mita 30. Usipande penye udongo uliomwagiwa mafuta ya gari, au palipovunjiwa betri kuukuu, wala kwenye gunia lililokuwa na dawa ya sumu.

Na ukiwa na upungufu wa maji, yako maji mengi tuyamwagayo bure. Maji yaliyokwisha kutumika katika udhu ni tohara, ijapokuwa hayafai tena kutawadhia. Weka beseni chini ya viungo vyako, maji hayo yakusanyike, kisha uyapeleke kwenye tuta. Nyumba ya watu sita wasalio sala tano haitakosa ndoo kwa siku. Na maji ya kuoshea mchele kadhalika.

Ama samadi, ni najisi kwa madhehebu yetu, lakini wanavyuoni wameruhusu kutiwa shambani. Iache ioze miezi mitatu au minne kabla ya kuitumia. Wala usiitie mbichi kwenye kitalu cha mchicha, maana mchicha huvunwa baada ya majuma matatu au manne tu, na jani lake liko karibu na udongo.

FASILI YA TATU: Katika kuosha na kupika

Kuosha. Mboga ioshwe ingali nzima, kabla ya kukatwa. Kwani ikikatwa kwanza, nguvu yake nyingi hutoka na maji. Na ikiwa najisi imeigusa, basi usiitumbukize katika bakuli la maji machache, kwa kuwa maji yaliyo chini ya qullatain hunajisika kwa kuguswa na najisi. Yamimine maji juu ya mboga, yapite na yachuruzike, mpaka iondoke najisi na athari yake. Kisha ioshe tena kwa kubadili maji mpaka usione mchanga chini ya chombo.

Mboga iliwayo mbichi, kama ya kachumbari, yataka hadhari zaidi, ioshwe kwa maji yaliyochemshwa. Mwezi wa Agosti mwaka 2015 kipindupindu kiliingia mjini Dar es Salaam, na Kinondoni ikawa miongoni mwa mahali palipopatwa mwanzo. Maradhi hayo hupita katika maji machafu na katika chakula kilichoguswa na maji hayo. Kujihadhari nayo ni katika kuhifadhi nafsi, na kuhifadhi nafsi ni wajibu.

Mchicha. Kuna nazi, ukamue tui zito uliweke kando. Kisha utie maji kwenye chicha ukamue tui la pili. Tui la pili lipike kwa kitunguu, nyanya na chumvi. Likichemka tia mchicha, uuache kidogo tu mpaka ulainike. Mwisho tia tui zito, ukoroge bila kuacha lisije likakatika, kisha epua. Wazee wetu walipika hivi kwa ladha, na leo wataalamu wametufahamisha kuwa mafuta ya nazi huusaidia mwili kuipata vitamini A iliyomo majanini, ambayo ni nguvu ya macho.

Matembele. Hupandwa kwa kukata mashina yake wakati wa masika au vuli, na tuta moja huchumwa mara nyingi bila kupandwa upya. Hupikwa kama mchicha. Yakamulie ndimu mezani, kwani ukali wa ndimu huusaidia mwili kuyapata madini ya chuma yanayoongeza damu. Na mwenye mimba ana haja nayo zaidi. Chai ya rangi isifuate papo hapo, maana hulizuia hilo.

Kisamvu. Hapa pana hadhari. Majani ya muhogo yakiwa mabichi yana sumu ya asili. Yachumwe machanga, yatwangwe kinuni mpaka yalainike kabisa, kisha yachemshwe kwa maji mengi pasina kufunika chungu, kwa muda mrefu, ndipo yatiwe tui. Kutwanga huifungua sumu ile, na kuchemsha huitoa na mvuke. Anayefupisha kazi hii kwa haraka ya njaa hujidhuru yeye na wanawe.

FASILI YA NNE: Katika haki ya jirani

Mtume, rehema na amani zimfikie, alimuusia Abu Dharri apikapo mchuzi auzidishe maji, na awaangalie jirani zake. Basi tazama, ndugu: hakumtaka azidishe nyama, ambayo huenda hana, bali maji. Na mwenye mboga uani ni mwepesi zaidi wa kuutimiza wasia huo, kwani matembele kila yakichumwa huchipua.

Tena amesema kwamba Muislamu hapandi mmea, akala katika mmea huo mtu, au ndege, au mnyama, illa huwa ni sadaka yake. Basi kuku wa jirani akidonoa mchicha wako, usimrushie jiwe kabla hujakumbuka hadithi hii. Ziba ua wako, uzungumze na jirani yako kwa upole. Wala na wewe usiyaache maji ya matuta yako yakatuama mlangoni pake yakazaa mbu, wala usirundike samadi chini ya dirisha lake.

MASWALI NA MAJIBU

Suala: Je, mboga za uani zina zaka?
Jawabu: Hazina, kwa madhehebu ya Imamu Shafi. Zaka ya mimea iko katika vyakula viwekwavyo akiba vya kushibisha, kama mchele na mtama, na katika tende na zabibu, vikifika kiwango chake. Lakini mlango wa sadaka u wazi.

Suala: Je, yafaa kuchota maji ya birika la msikiti kumwagilia bustani yangu?
Jawabu: Maji yaliyowekwa wakfu kwa ajili ya udhu hayatumiwi kwa jambo jingine. Ama yale yaliyokwisha tawadhiwa yakachuruzika kwenye mtaro wake, wakiridhia wasimamizi wa msikiti, yafaa kuelekezwa kwenye bustani.

Suala: Mwenye kula kitunguu kibichi siku ya Ijumaa?
Jawabu: Imekatazwa kuukaribia msikiti na harufu yake ingali kinywani, kwa kuwa huwaudhi wanaosali. Kitunguu kikipikwa harufu hufa. Basi kachumbari ngoja uile urudipo kutoka msikitini.

Suala: Sina uwa, nanunua sokoni. Nifanyeje?
Jawabu: Muulize muuzaji mboga imelimwa wapi na kwa maji gani. Akiwa hajui, tafuta ajuaye. Wengi wakiuliza, hata mkulima atayaangalia maji yake. Na muuzaji akijua kuwa mboga yake imemwagiliwa maji ya sumu, akanyamaza, huyo ameficha aibu ya bidhaa, na ghushi ni haramu.

KHATIMA

Kwa muhtasari, ndugu yetu: mboga ni sehemu ya matumizi yaliyo juu yako, najisi huoshwa, lakini sumu haioshwi, mchicha hupikwa kidogo na kisamvu hupikwa sana, na jirani ana fungu katika kila chungu. Masika yakikaribia, litengeneze tuta lako, uyajue maji yake, na watoto wako uwaonyeshe kwa vitendo. Kwani mtoto aliyeifahamu mboga yake tangu mbegu hata sahani, akisoma Bismillahi juu yake atajua anamshukuru Mola kwa neema gani.

Mwenyezi Mungu atubarikie katika riziki zetu, atujaalie tule vilivyo halali na vilivyo vyema, na atuepushe na kuwadhuru majirani zetu. Amin.