Ua la joto la ziwa: anza kulizalisha msimu huu wa chwiri

Mama mmoja wa Kajulu alinisimamisha njiani mwezi jana, ameshika waridi. Lilikuwa dogo kama kifungo cha koti, kikonyo chake hakifiki urefu wa kiganja, na petali zilishalegea ingawa alilikata asubuhi ile ile. "Mwalimu," akaniambia, "samadi nimeweka, maji natia kila jioni, dawa nimepiga. Nimekosea wapi?"

Nikamwambia, "Hukukosea, mama. Waridi hili lilichaguliwa kwa ajili ya nchi ya baridi."

Jibu hilo nalirudia hapa kwa sababu najua si yeye peke yake. Waridi la biashara la Kenya ni la Naivasha na nyanda za juu zaidi, kuanzia karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Usiku wa kule ni wa baridi, ua hukua taratibu, likapata muda wa kujaza kichwa na kurefusha kikonyo. Sisi hapa ufuoni mwa Ziwa Victoria tuko kwenye mita 1,130 hivi, na mchana joto hukaribia nyuzi 30 karibu mwaka mzima. Waridi likija huku hukimbizwa na joto: hufunguka kabla halijakomaa. Kampuni za Ulaya kama De Ruiter zimeweka vituo vyao Naivasha ili kujaribu aina mpya katika hewa ya kule. Hewa ya huku kwetu Kano, Seme na Nyakach hawaijaribii. Basi ua la kwetu itabidi tulizalishe sisi wenyewe, na mvua za Machi, yaani chwiri, ndizo hizi zinakuja.

Ua ninalopendekeza ni gladiola, lile lenye bua refu na viua vilivyopangana kuanzia chini kwenda juu, ambalo wengi mmeliona likipamba madhabahu. Huota kutoka kiazi, hupenda jua, na kwa siku 70 hadi 100 hivi linakuwa tayari kukatwa. Soko tunalo mlangoni. Kila Ijumaa miili hutoka mochari kurudishwa nyumbani, Jumamosi ni mazishi, Jumapili ni kanisa, na maua mengi yanayotumika hapo yamepanda basi kutoka Naivasha au Nairobi. Lakini sitaki kuwadanganya: gladiola zinazouzwa madukani nazo si za hapa. Jua likiwa kali viua vya chini huungua pembeni, na dhoruba ya jioni ikipiga, maji hujaa ndani ya kila kiua, bua likalala. Ndiyo maana nasema tuzalishe, tusinunue tu.

Na wa kutusaidia kuzalisha yupo karibu. Katika nyasi na mawe ya miinuko ya magharibi mwa Kenya huota gladiola ya porini, wataalamu huiita Gladiolus dalenii. Maua yake ni ya rangi ya chungwa yenye wekundu, koo la manjano, na petali ya juu imeinama mbele kama kofia. Ndege aina ya chozi ndiye huiendea kwa mdomo wake uliopinda, akitoka na chavua utosini. Jamii hii imesambaa Afrika kuanzia kusini hadi Ethiopia, na ndiyo mojawapo ya wazazi wakuu wa gladiola zote za kisasa. Watunza bustani wa Ubelgiji waliichanganya na jamaa zake za Afrika Kusini, na chotara wao maarufu wakaingia sokoni mwaka 1841. Mwanzoni mwa karne ya 20, wakati daraja la reli lilipokuwa likijengwa kwenye maporomoko ya Victoria katika mto Zambezi, mhandisi Francis Fox alipeleka Uingereza viazi vya gladiola ya manjano iliyokuwa ikiota palepale kwenye mvuke wa maporomoko. Ile petali ya juu iliyoinama ndiyo iliyokuwa ikikinga chavua isiloe. Wazalishaji wa Ulaya waliipenda kwa rangi yake. Mimi naipenda kwa ile kofia.

Fikirini kidogo. Sisi wa kando ya ziwa tunaishi na radi. Wingu hujikusanya alasiri, mvua hupiga jioni au usiku, asubuhi jua kali. Ua lililo wazi kama sahani huteseka. Lenye kofia humwaga maji pembeni, chavua na kiini vikabaki vikavu, kiua kikadumu. Aina kubwa za wazi za dukani zilichaguliwa zipendeze mezani kwenye maonyesho ya Ulaya, na katika kuchagua huko kofia ikapotea. Kazi yetu ni kuirudisha: bua refu na viua vingi kutoka kwa mama wa dukani, kofia na ustahimilivu kutoka kwa baba wa porini.

Sasa kalenda. Viazi vya mama vipandwe mvua ya chwiri ikishatulia ardhini, yaani wiki ya pili au ya tatu ya Machi, kisha pandeni kundi lingine baada ya wiki mbili na jingine baada ya wiki mbili tena, ili kusiwe na siku ambayo chavua ipo na mama hajachanua. Udongo mweusi wa Kano ukishiba maji huozesha kiazi, kwa hiyo inueni matuta angalau kimo cha shubiri moja na nusu, changanyeni mchanga na mboji iliyoiva. Mboji ya gugumaji inafaa kabisa mkiiacha ikaoza vizuri hadi isitambulike tena. Viazi nunueni kwa muuzaji anayeweza kuonyesha karatasi za ukaguzi. Kiazi chenye doa la kahawia linalozama ndani, acheni hapo hapo dukani: huo ni mnyauko fusari, na ukiingia shambani hautoki kwa urahisi.

Kuhusu baba wa porini, tafadhali msichimbe. Chavua kidogo tu inatosha, na mmea ubaki ulipo. Ombeni ruhusa kwa mwenye shamba. Msituni kama Kakamega kuna wenye mamlaka, na mkiwa na nia ya biashara, kanuni za mwaka 2006 kuhusu rasilimali za kijenetiki zinataka kibali kupitia mamlaka ya mazingira, NEMA. Ukikubaliwa, kusanya vifuko vya chavua asubuhi kavu, vitie kwenye kichupa kidogo cha dawa pamoja na punje za mchele uliokaushwa sana, funga, weka kwenye friji. Itakaa wiki kadhaa ikiwa hai.

Siku ya kuchavusha ni siku ya kuamka mapema, kabla ya nyuki na chozi. Mtakuwa mwishoni mwa Mei au Juni, mvua zinapungua. Chagua bua lenye afya na kitumba cha chini ambacho rangi imeshaonekana lakini hakijafunguka. Kifungue taratibu kwa vidole. Ndani utaona vijiti 3 vyenye vifuko virefu vya chavua, bado vimefumba. Ving'oe vyote 3 kwa koleo dogo la nyusi, usiguse ule uzi wa katikati. Fanya hivyo kwa vitumba vinne au vitano vya chini, kata ncha ya juu ya bua ili nguvu isipotee huko, kisha funika kwa mfuko wa karatasi. Kesho yake au kesho kutwa fungua: uzi wa katikati utakuwa umegawanyika matawi 3 yaliyotanuka kama vijimanyoya, yanang'aa unyevu. Hapo ndipo mama yuko tayari. Chovya brashi laini ya rangi kwenye chavua ya baba, pakaa matawi yote 3 mpaka uone vumbi limeshika, funika tena.

Halafu andika. Naomba mnisikilize kwa hili kwa sababu liliniuma. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii niliandika lebo zote kwa kalamu ya wino. Ikanyesha siku tatu mfululizo, na nilipoondoa mifuko, lebo zilikuwa nyeupe. Mbegu nikazipata nyingi, nzuri, na sikujua hata moja ni mtoto wa nani. Tangu siku hiyo natumia penseli kwenye vipande vya ndoo nyeupe ya plastiki. Penseli haifutwi na mvua. Andika mama kwanza, baba pili, na tarehe.

Baadhi ya viua havitashika. Gladiola za madukani zina seti 4 za kromosomu, na za porini hutofautiana mahali na mahali, hivyo ndoa nyingine hazikubali. Ndiyo sababu ya kuchavusha viua 30 wala si vitatu. Kilichoshika huvimba kikawa tunda la kijani lenye pande 3, na baada ya wiki nne hadi sita hugeuka kahawia, likaanza kupasuka nchani. Livune siku hiyo hiyo. Ndani utakuta mbegu zimepangwa bapa, kila moja imezungukwa na ukingo mwembamba unaopitisha mwanga, mfano wa magamba ya samaki ngege. Upepo wa ziwa ukizikuta wazi umezipeleka.

Mbegu zikae kivulini zikauke, zipandwe mwanzoni mwa Septemba zikisubiri opon, yaani mvua fupi, kwenye kitalu chenye udongo uliochujwa, zifunikwe kwa udongo kidogo mno. Mche wa gladiola hutoka kama jani la kitunguu. Msiung'oe mkidhani ni nyasi, maana nimeona kitalu kizima kikipaliliwa hadi kwisha. Kufikia Januari majani yatakauka na chini mtapata vijiazi vya ukubwa wa punje ya mahindi. Vichimbueni, viwekeni mahali pakavu penye hewa hadi Machi, kwa kuwa kiazi cha gladiola hakioti kisipopumzika miezi miwili au mitatu. Kisha ardhini tena. Wachache watachanua msimu wa pili, wengi wa tatu, wengine wa nne.

Hapo wengi hukata tamaa, na ningependa mjue mapema kuwa kungoja huko kuna malipo ambayo mahindi hayana. Aina mpya ya mahindi huhitaji vizazi vingi mpaka itulie. Gladiola huongezwa kwa vijiazi, na kila kijiazi ni nakala ya mama yake. Mmea mmoja mzuri ukiupata, aina yako umeipata siku hiyo. Kilichobaki ni kuuzidisha.

Kwa hiyo uchaguzi uwe mkali. Ukiwa na miche 200, jiandae kutupa 190. Usipende rangi haraka. Angalia kwanza nani amesimama baada ya dhoruba bila kuegemezwa, nani hakuungua pembeni saa nane mchana. Pindua majani utafute kutu: vijipele vya rangi ya chungwa vinavyokaa kwa kulikata jani upana, si kwa kufuata mishipa. Ugonjwa huo umezoea gladiola za Afrika na nchi za nje huuogopa, kwa hiyo mmea ulioshikwa sana chomeni. Tafuteni pia vithiripi, vile vidudu vyembamba kama uzi, ambavyo huacha michirizi ya fedha kwenye petali. Tena, mmea unaomwaga mbegu na kuota ovyo nje ya tuta usiuhurumie hata ukiwa mzuri namna gani. Gugumaji lililoziba ghuba yetu lilisambazwa duniani na watu waliopenda ua lake la zambarau.

Jaribio la mwisho ni la ndoo. Kata bua Alhamisi jioni, kiua cha chini kikiwa kimeonyesha rangi tu, lisimamishe wima kwenye maji, maana likilazwa ncha hujipinda kuelekea juu na hairudi. Litazame hadi Jumapili mchana. Bua ambalo halifiki ibada ya pili halitufai.

Neno kuhusu sheria. Kuchavusha kwa kutumia aina ya mtu yenye haki, ili upate aina tofauti kabisa, kunaruhusiwa. Kuzidisha viazi vyake na kuviuza hakuruhusiwi. Na wewe ukipata yako, Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, Sura ya 326, inakupa nafasi ya kuiombea haki kwa KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa mimea. Kenya imo katika muungano wa kimataifa wa kulinda aina mpya, UPOV, tangu 1999. Watataka aina iwe tofauti na zilizopo, mimea yake ifanane, na isibadilike ikizidishwa. Iwe mpya pia: ukiwa umeshaiuza nchini kwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuomba, nafasi imepita. Watu watakuja kuomba viazi mara tu ua litakapoonekana kutoka barabarani. Wape maua, viazi vibaki nyumbani hadi uamue. Ikiwa gharama ya maombi ni nzito, ombeni kama kikundi. Daftari lenye mama, baba na tarehe ndilo litakalowatetea.

Mtoto wa kwanza atakapochanua, usimkate. Mwendee asubuhi kabla jua halijawaka, mwendee saa nane, mwendee tena kesho yake baada ya mvua ya usiku, uinamishe kichwa utazame chini ya ile petali ya juu kama chavua ni kavu. Kisha chukua penseli.