Utajuaje Kama Kichwa-nyoka Wako Wameshaoana?

Samaki wawili kulala ubavu kwa ubavu chini ya gogo si ushahidi wa ndoa. Wafugaji wengi wa kichwa-nyoka huponzwa na jambo hilo. Wanaona utulivu, wanafurahi kwamba jozi imepatikana, na wiki haiishi kabla ya kumkuta mmoja mapezi yamechanika, amejibanza kwenye kona ya juu akihema.

Ninaowazungumzia hapa ni kichwa-nyoka wadogo wa Asia, hasa Channa gachua, na Channa andrao wa vinamasi vya West Bengal, India, ambaye mtaalamu wa samaki Ralf Britz alimwingiza kwenye orodha ya sayansi mwaka 2013. Channa micropeltes, ambaye hupita urefu wa mita moja, sahau kabisa habari ya kumzalisha sebuleni. Msomaji wa bonde la Kongo huenda anawafahamu jamaa zao wa Afrika, Parachanna, ingawa pengine kwenye sufuria zaidi kuliko nyuma ya kioo.

Kosa huanzia dukani. Ukinunua wakubwa wawili na kuwafungia pamoja, umewalazimisha, na samaki hawa hawalazimishiki. Nunua wachanga watano au sita, uwakuze kwenye tangi pana lenye mapango, mabomba, vyungu vilivyovunjika na mimea inayoelea, kisha uwaache wachaguane. Funika tangi vizuri maana wanaruka, lakini acha nafasi ya hewa kati ya maji na kifuniko. Kichwa-nyoka huvuta hewa juu ya maji, na akizuiwa kufika huko anakufa maji ingawa ni samaki.

Wakiwa wachanga usijisumbue kutafuta nani dume nani jike. Wakikomaa, dume huwa na kichwa kipana na taya nzito, na mapezi ya mgongoni na ya chini huwa marefu na yenye rangi kali zaidi. Jike hujaa tumboni na kichwa chake ni chembamba. Lakini dume mnyonge anayeonewa hufifia rangi akafanana na jike, kwa hiyo umbo la kichwa lina ushahidi mzito kuliko rangi.

Sasa tuje kwenye dalili zenyewe. Usianze kwa kuwatazama hao wawili; watazame wenzao. Jozi inapofungamana, tangi zima hubadilika. Wale wengine, waliokuwa wametawanyika kila mahali, utawakuta wamesukumwa upande mmoja au wananing'inia juu kati ya mizizi ya mimea, huku nusu ya tangi ikibaki na wenyewe wawili tu. Angalia pia nani anafukuza. Dume peke yake akifukuza kila mtu, akiwemo jike, huyo ni mbabe tu. Wote wawili wakiwafukuza wengine, kisha wakarudi kwenye shimo lilelile bila kugeukiana, hapo kuna jambo. Toa wale wengine siku hiyohiyo, maana jozi iliyofungamana huua.

Kipimo changu cha pili ni chakula. Dondosha mnyoo mmoja au kipande kimoja cha kamba katikati yao. Wapangaji wa nyumba moja watagombania. Mmoja atanyakua na mwingine atakimbia au atang'ata. Jozi ya kweli huenda ikachuana kidogo, lakini anayekosa harudi nyuma kwa hofu, wala hageuki rangi kuwa hafifu yenye mistari ya woga. Rudia kwa siku tofauti, kwa kuwa shibe humfanya kila samaki aonekane mpole.

Kuna purukushani ambazo hazipaswi kukutisha. Kuoneshana ubavu mapezi yakiwa yametanuliwa, kutetemeka mwili, kugusana kwa pua, hata kushikana midomo kwa muda mfupi, ni sehemu ya uchumba. Tofauti iko baadaye. Wakiachana na kurudi pangoni pamoja, waache. Mmoja akijificha na asitoke hata kula, weka kizuizi chenye matundu katikati ya tangi mara moja. Wakikaa karibu na kizuizi hicho siku nyingi bila kujaribu kung'atana kupitia matundu, unaweza kuwajaribu tena.

Uthibitisho usio na ubishi ni mayai. Dume hujikunja kumzunguka jike, mayai huelea juu kwa sababu yana mafuta, kisha dume huyakusanya mdomoni. Koo lake hutuna na huacha kula. Jike wa kweli wa jozi hubaki jirani akilinda, na dume hamkatai. Wakianza kuogelea, vifaranga huenda kukusanyika chini ya tumbo la mama, naye huwatolea mayai yasiyorutubishwa ili wale. Ndiyo sababu kumtoa jike "ili asisumbue" ni kuwanyima watoto chakula. Dume kijana akimeza mayai ya kwanza, usiseme ndoa imevunjika. Mpe nafasi nyingine.

Ukishaipata jozi, punguza mkono wako ndani ya maji. Kumtoa mmoja kwa siku chache, kuwahamisha tangi, au kupanga upya mapango yote kunaweza kuwafanya wasitambuane kama zamani. Wanaotoka vilima vya chini ya Himalaya wanahitaji pia msimu wa baridi. Ondoa hita, maji yashuke hadi nyuzijoto 18 hivi kwa miezi michache, na mara nyingi uchumba huchangamka joto linaporudi. Mfugaji wa Njombe au Limuru hapo ana nafuu kuliko wa Dar es Salaam.

Wale uliowatoa wape wafugaji wengine. Usiwamwage mtoni wala bwawani, hata wakiwa wawili tu. Mwaka 2002, huko Crofton, Maryland nchini Marekani, iligundulika kwamba mtu mmoja alikuwa amewamwaga bwawani kichwa-nyoka wawili wa kaskazini, Channa argus, aliowanunua sokoni. Maofisa wa jimbo walipotia sumu bwawa hilo walikuta vifaranga zaidi ya elfu moja.