Sheikh Nabhany: Mwalimu wa Walimu

Ahmed Sheikh Nabhany alizaliwa Lamu mwaka 1927, akaaga dunia mwaka 2017. Elimu yake haikutoka katika chuo kikuu. Ilitoka chuoni kwa maana ambayo neno hilo linayo hadi leo miongoni mwa Waswahili, yaani madrasani, na zaidi kwa nyanya yake aliyemlea katika tungo. Hata hivyo, kwa miongo kadhaa wahadhiri na watafiti, wakiwemo waliotoka Ujerumani na Uholanzi, walipiga hodi kwake Mombasa kutafuta maana ya neno moja tu la utenzi wa kale. Wengi wa wanaofundisha ushairi wa Kiswahili leo walifundishwa naye, au walifundishwa na waliofundishwa naye.

Makala haya yanashughulikia jambo moja katika ualimu huo: mazoea yake ya kumtoa mwanafunzi katika neno na kumfikisha kwenye kitu chenyewe. Chukua Umbuji wa Mnazi, utungo uliochapishwa mwaka 1985, ambao mada yake ni mnazi na manufaa yake. Mwanafunzi aliyelelewa bara aghalabu hujua dafu na nazi, basi. Kumbe kabla ya dafu kuna kidaka na kitale, na baina ya dafu na nazi kuna koroma. Haya si mapambo ya msamiati. Mkwezi aangushaye kitale akidhani ni dafu ameharibu mali ya mtu. Kila jina lina kazi, na kazi hiyo ndiyo iliyolihifadhi jina. Vivyo hivyo Sambo ya Kiwandeo (1979), utungo kuhusu chombo cha baharini, humlazimisha msomaji kuwatafuta mafundi na mabaharia. Vinginevyo mkuku, taruma na foromali hubaki sauti tupu.

Wanafunzi wengi humkumbuka kwa istilahi. Runinga, kwa maelezo yanayojulikana sana, iliundwa kwa kuunganisha rununu, habari isikikayo kwa mbali, na maninga, yaani macho. Neno hilo limekita mizizi Kenya, na watangazaji hulitamka bila kujua kwamba nusu yake ni ya washairi wa Lamu. Ngamizi, alilolipendekeza kwa kompyuta, halikupata bahati hiyo. Limeshindwa na kompyuta yenyewe na tarakilishi. Wapo waliomlaumu kwa kukipendelea mno Kiamu, na lawama hiyo haiwezi kupuuzwa, kwani istilahi isiyoeleweka Kisumu wala Mwanza ina safari ndefu. Lakini wakosoaji hao (baadhi yao wakiwa wanafunzi wake!) walimpinga kwa silaha aliyowapa mwenyewe. Walikuwa wamejifunza kuuliza: lahaja zina nini kabla ya kukopa?

Hapa ndipo penye hatari ya kumkumbuka vibaya. Katika karatasi za mtihani Nabhany amekuwa orodha: taja istilahi tano alizoziunda. Mtahiniwa hutaja, hupata alama zake, huondoka. Orodha hiyo haimfundishi kuunda ya sita. Isitoshe, wazee aliowauliza Nabhany wamekwisha kufariki, na wale waliopo sasa, manahodha, wasusi na wakwezi, wanazeeka bila kuulizwa. Kamusi haiwezi kuziba pengo hilo, maana kamusi hupokea kilichokwisha kukusanywa.

Urithi wake unaonekana wazi zaidi kwa mtafiti chipukizi ambaye, akitaka kuandika tasnifu kuhusu msamiati wa uvuvi, hateremki maktabani kwanza. Huenda Vanga au Kizingitini alfajiri, daftari mkononi, akamngoja mvuvi ateremshe samaki wake, kisha akamwamkia shikamoo na kumwomba amtajie sehemu za dema moja baada ya nyingine, na kila moja ina kazi gani.