SOMO LA 12: MSIFUNGUE GIABOKSI KABLA YA KUKAGUA MIPIRA



Tuseme kikundi chenu cha wakulima hapa Mlangali kina gari kuukuu la petroli, lenye giaboksi ya otomatiki. Gari hilo ndilo linalopeleka viazi na mahindi Njombe. Siku moja linaanza kusumbua. Injini inalia sana kabla gia haijabadilika. Gia ikibadilika, gari linashtuka kama limepigwa teke. Mtu anawaambia: "Giaboksi imekufa. Changeni fedha mnunue nyingine."

Msichange bado. Huenda ubovu ni mpira mmoja tu uliopasuka. Tena mpira uliopasuka unaweza kupunguza nguvu ya breki mteremkoni. Basi somo hili linahusu fedha zenu na maisha yenu.

Injini hufyonza hewa

Injini ya petroli inapozunguka hufyonza hewa kwa nguvu. Mafundi huiita nguvu hiyo vakyumu. Mipira midogo huipeleka nguvu hiyo sehemu mbalimbali za gari. Mpira mmoja mnene huenda kwenye busta ya breki. Busta ndiyo inayousaidia mguu wako kukanyaga breki. Katika magari mengi ya zamani ya otomatiki, mpira mwingine huenda kwenye kikopo kidogo kilichofungwa kwenye giaboksi. Kikopo hicho huitwa moduleta. Huiambia giaboksi kama injini ina kazi nzito au nyepesi.

Ukinyonya maji kwa mrija wenye tundu, unapata hewa tu. Mpira wenye tundu ni vivyo hivyo. Vakyumu hupungua, na giaboksi hudhani gari linapanda mlima na mzigo mzito. Kwa hiyo huchelewa kubadilisha gia, kisha hubadilisha kwa kishindo. Giaboksi yenyewe ni nzima. Imepewa habari za uongo.

Jinsi ya kukagua

Simamisha gari mahali tambarare. Weka gia kwenye P, vuta breki ya mkono, na zuia magurudumu kwa mawe. Acha injini ipate moto kwanza, kwa maana asubuhi ya baridi injini nzima pia hunguruma isivyo kawaida. Weka mikono na nguo mbali na feni na mkanda.

1. Sikiliza. Injini yenye tundu mara nyingi hutetemeka au hunguruma haraka bila kukanyagwa mafuta. Huenda ukasikia sauti ya "sss".

2. Paka maji ya sabuni kwenye mipira na maungio yake. Penye tundu, maji yatafyonzwa ndani na mlio wa injini utabadilika kidogo. Usipake petroli kamwe. Gari linaweza kuwaka moto.

3. Zima injini. Chomoa mpira wa moduleta. Ukiona oili ya giaboksi ndani ya mpira, ngozi ya moduleta imechanika na injini inainywa oili hiyo. Ndiyo maana moshi mweupe hutoka na oili hupungua. Nunua moduleta, si giaboksi. Kama giaboksi yako haina moduleta, ruka hatua hii.

4. Pima oili ya giaboksi kama kitabu cha gari kinavyoagiza. Oili nzuri kwa kawaida ni nyekundu. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, au ikifanana na maziwa kwa kuingiwa na maji, hapo giaboksi yenyewe ina ugonjwa. Mpeleke fundi.

5. Pima breki. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Ishikilie kwa mguu, kisha washa injini. Pedeli inapaswa kushuka kidogo. Isiposhuka, busta haipati nguvu. Gari hilo lisipakie mtu wala mzigo mpaka litengenezwe.

Kumbuka kuwa barabara zetu zina miteremko mirefu. Usizime injini wala usiweke gia huru ili kuokoa mafuta. Tumia gia ndogo, 2 au L, ili injini isaidie breki.

Kipimo cha fundi

Fundi wa Njombe au Makambako anaweza kutumia kipimo cha vakyumu. Pwani, kama Dar es Salaam, injini nzima hunguruma kwenye inchi 17 hadi 22 za zebaki. Huku juu hewa ni nyepesi. Kila unapopanda mita 300 hivi, kipimo hupungua inchi 1. Njombe mjini ni karibu mita 2,000 juu ya bahari, kwa hiyo hupungua inchi 6 hivi. Inchi 13 huku si ugonjwa. Fundi akihukumu kwa kipimo cha pwani, atatafuta tundu lisilokuwapo.

Maswali

1. Kwa nini mpira uliopasuka huifanya giaboksi ichelewe kubadilisha gia?
2. Injini imetulia na mipira yote ni mizima, lakini oili ya giaboksi inanuka kuungua. Ubovu uko wapi?
3. Pwani kipimo kinasoma inchi 19. Gari hilo hilo likifika Njombe, litasoma inchi ngapi hivi?
4. Mjadiliane darasani: dereva anayeteremka mlima huku amezima injini anaokoa nini, na anahatarisha nini?