Mbwa Huyu ni wa Nani?

Somo la kujadili katika vikundi

Ndugu wanakikundi, safari hii tunaomba tuzungumze juu ya mbwa. Wengine watacheka. Tumezoea masomo ya maziwa, mikopo na vyoo, sasa mbwa tena? Hebu tusikilizane kwanza.

Miaka kadhaa iliyopita tulitembelea kikundi kimoja cha akina mama nje ya Eldoret. Tulikwenda kukagua hesabu, tukakuta pesa za zamu mbili zimetolewa zote. Tulipouliza, mweka hazina akasema, "Tulizika mtoto." Kijana wa darasa la tatu aliumwa na mbwa mguuni akitoka shule. Jeraha lilikuwa dogo. Aliogopa kuchapwa kwa sababu alipita njia aliyokatazwa, akanyamaza. Baada ya wiki kama sita alianza kusema mguu unamwasha, halafu akashindwa kumeza hata chai. Alipofikishwa hospitali hakukuwa na la kufanya.

Kilichotusumbua zaidi ni maneno ya majirani. Mbwa yule alikuwa akila katika maboma matatu. Usiku alibwekea wote, na wezi wa ng'ombe walimjua. Lakini siku ya kuulizwa, kila mmoja alisema, "Hiyo mbwa si yangu, inakujanga tu." Mbwa wa kulinda alikuwa na wenyewe watatu; mbwa wa kuuma hakuwa na mwenyewe. Ndiyo maana hakuna aliyekuwa amempeleka chanjo. Na zile pesa za mazishi zingechanja mbwa wote wa kijiji kile, na nyingine zibaki.

Ugonjwa wenyewe ni kichaa cha mbwa. Hapa Kenya ulithibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa aliyekuwa karibu na Nairobi. Hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa na kuingia kwa kuumwa, au mate yakigusa kidonda. Kutoka kuumwa hadi kuugua huwa ni mwezi mmoja hadi mitatu, pengine zaidi, na hapo ndipo watu hudanganyika. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Wengi hudhani mbwa mgonjwa lazima awe mkali. Si hivyo. Wengine hujificha gizani, taya inalegea, mate yanatiririka, sauti inabadilika. Mwenyewe anafikiri ni mfupa umekwama kooni, anaingiza mkono autoe. Hata ng'ombe aliyeumwa na mbwa huonekana hivyo hivyo, kama aliyekwamwa na mahindi. Sisi wafugaji wa Uasin Gishu tuwe waangalifu sana: usiingize mkono, mwite daktari wa mifugo.

Mtu akiumwa au kukwaruzwa, osha jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 kamili. Tumia saa, maana dakika 15 ni nyingi kuliko unavyodhani. Usipake pilipili, mafuta ya taa wala udongo. Halafu nendeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa anaonekana mzima na hata kama ni wenu. Zahanati ndogo huenda haina chanjo. Waulize wakuelekeze, hata kama ni mpaka Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini. Sindano ni kadhaa, kwa tarehe tofauti. Wapo wanaochomwa ya kwanza, wakijisikia vizuri wanaacha. Tafadhali, zimalizwe zote. Mbwa naye asiuawe ovyo. Kama yu hai afungwe na kuangaliwa siku 10.

Na mtoto asichapwe kwa kuumwa. Akichapwa leo, kesho mwenzake ataficha.

Sasa chanjo. Kila mwaka inatakiwa mbwa 7 kati ya 10 wawe wamechanjwa ili ugonjwa ukose njia ya kupita. Wako mmoja akichanjwa peke yake, umefanya vizuri, lakini kijiji bado kiko wazi. Tena mbwa hawaishi sana, na wadogo wanazaliwa kila msimu. Ndiyo sababu kampeni ya mwaka jana haitoshi. Kuwaua wote pia hakusaidii: waliochanjwa wanakufa pamoja na wengine, watu wanaficha wao, na baada ya miezi michache wapya wamejaa.

Kuna anayeuliza kama jambo hili linawezekana kwa watu wa kawaida. Tutazame kisiwa cha Pemba, kule Zanzibar. Kwa kuchanja mbwa ugonjwa ulikwisha mwaka 2014, ukaingia tena kutoka nje mwaka 2016, wakachanja tena, ukamalizwa 2018. Kenya nayo iliweka mpango wa mwaka 2014 hadi 2030 wa kuumaliza kwa watu.

Chanjo peke yake haitoshi kama mbwa ana njaa. Asiyepewa ugali na maji kwao huzurura jalalani na kwenye vichinjio, akapigana na wenzake huko. Anayefungwa mnyororo mchana kutwa huwa mkali kwa kila mtoto anayepita. Na matumbo au maini yenye malengelenge yasitupiwe mbwa, yazikwe au yachomwe: humpa minyoo ambayo mayai yake huleta uvimbe ndani ya ini na mapafu ya mtu. Ndugu zetu wa Turkana waliteseka sana kwa ugonjwa huo, mpaka AMREF ikaanza mradi wa kuupiga vita mwaka 1983. Mpeni mbwa dawa ya minyoo, na watoto wanawe mikono kabla ya kula.

Ya kujadili kikundini:

Katika maboma yetu kuna mbwa wangapi, na wangapi wana cheti cha chanjo cha mwaka huu? Tuwahesabu kwa majina.

Nani atakwenda ofisi ya mifugo kuuliza siku ya chanjo, na nani atamwomba chifu aitangaze barazani? Tukumbuke Septemba 28 ni siku ya kichaa cha mbwa duniani kote, na mara nyingi kampeni hufanywa karibu na hapo.

Wale wanaokula katika maboma mawili au matatu, tutawaandika kwa jina la nani?