Vidokezo 7 vya Kupanua Spektra ya Leza Ndani ya Faiba

Katika femtosekunde 100, nuru husafiri mikromita 30 tu hewani. Mpigo wa leza mfupi kiasi hicho, ukiingizwa kwenye faiba inayofaa, huingia na rangi moja na kutoka na rangi tele. Kama ndio kwanza unaingia maabara, zingatia haya.

1. Jua unaitakia nini. Anayepima masafa ya nuru kwa usahihi mkubwa, kazi iliyochangia Nobeli ya Fizikia ya John Hall na Theodor Hänsch mwaka 2005, huhitaji oktava nzima: masafa ya juu yawe maradufu ya yale ya chini. Anayepiga picha za tishu za mwili huhitaji zaidi nuru tulivu.

2. Oanisha faiba na leza. Ndani ya kioo kila rangi ina kasi yake, hivyo mpigo hutawanyika na kupoteza makali. Katika faiba ya kawaida mtawanyiko huo hufikia sifuri karibu na nanomita 1,300. Leza yako ikiwa ya nanomita 800, tafuta faiba yenye vitundu vya hewa kuzunguka kiini, vinavyoisogeza sifuri hiyo kuelekea rangi ya leza yako. Mwaka 2000, Ranka, Windeler na Stentz wa Bell Labs walitumia faiba ya aina hiyo, wakapata nuru kuanzia zambarau hadi infraredi.

3. Usirefushe faiba bila sababu. Spektra ya mpigo wa femtosekunde hupanuka zaidi katika sentimita za mwanzo, mpigo ungali mkali. Urefu wa ziada mara nyingi huongeza mtawanyiko na kelele.

4. Tunza mdomo wa faiba. Kiini chaweza kuwa na upana wa mikromita 2 hivi. Kata ncha iwe nyoofu, isiwe na vumbi, kisha lenga kwa nguvu ndogo. Ongeza nguvu pale tu nuru inapopita vizuri. Ukikosea shabaha ukiwa na nguvu nyingi, utaunguza ncha.

5. Usidanganywe na mchoro laini. Spektromita huonyesha wastani wa mipigo mingi, na wastani huficha tofauti kati ya mpigo mmoja na mwingine. Mpigo mrefu huzidisha tofauti hizo, yaani kelele. Tumia mpigo mfupi zaidi, au faiba ambayo mtawanyiko wake ni ule uitwao “wa kawaida” (nyekundu hutangulia buluu) katika rangi zote unazozitaka: upana utapungua, utulivu utaongezeka.

6. Nishati ikizidi, achana na kiini cha kioo. Kioo kitapasuka. Tumia faiba yenye uwazi katikati, uliojazwa gesi kama neoni au kriptoni. Mwaka 1996 Nisoli, De Silvestri na Svelto, watafiti wa Milan, waliitumia njia hii kufikia mipigo ya femtosekunde 10 yenye nishati kubwa. Mipigo ya namna hiyo ndiyo iliyosaidia kufungua mlango wa mipigo ya atosekunde, iliyo mifupi kuliko femtosekunde.

7. Linda macho upya. Miwani inayozuia nanomita 800 haizuii rangi zilizozaliwa ndani ya faiba, na zile za infraredi huzioni kabisa. Funika njia ya nuru, na uchague miwani kwa spektra inayotoka, si kwa leza inayoingia.

Ukishika moja tu, shika hilo la mwisho: faiba iliyoungua hubadilishwa, jicho halibadilishwi.